Siku Themanini na Nne ni za Nani?

Mto Ruvuma huanza katika milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea. Hapo mwanzoni haustahili hata kuitwa mto. Ni maji machache yatokayo chini ya miti, na mtoto aweza kuyaruka. Kisha huteremka mamia ya kilometa, ukawa mpaka wa nchi yetu na Msumbiji, hata uingie baharini. Watu wa huko hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha kwa nini mahali kama hapo hapafai kulimwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli ziharibuzo ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto au ziwa, na mkulima, hata akinung'unika kwa kunyimwa udongo mzuri wenye unyevu, akionyeshwa kijito kilichokauka huelewa mara moja.

Mwaka ule ule wa 2004 Bunge letu lilitunga sheria nyingine, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ikapima kipimo kingine, si cha mita bali cha siku: siku 84 kwa mwanamke mwajiriwa aliyejifungua, na siku 100 akiwa amezaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Kwetu sisi sheria hizi mbili zina wazo moja, kwamba kitu kitoacho uhai hakina budi kuachiwa nafasi. Walakini hii ya pili bado yabishaniwa: maofisini, madukani, na tena (hili ndilo lililotusukuma kuandika) katika nyumba za Wakristo.

Kwanza tuyataje yasemwayo na sheria, maana wengi huibisha bila kuisoma. Mwanamke yampasa kumjulisha mwajiri wake walau miezi mitatu kabla ya siku atarajiayo kujifungua, akiwa na cheti cha daktari. Aweza kuanza likizo wiki nne kabla ya siku hiyo, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuwa afya yake au ya mtoto yadai hivyo. Baada ya kujifungua asifanye kazi kabla ya wiki sita kupita, ila kwa kibali cha daktari. Mshahara wake haukatwi. Akirudi kazini anayo haki ya kupewa hadi saa mbili kila siku za kumnyonyesha mtoto. Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe muda, na baba wa mtoto huyo apewe siku 7. Baba wa mtoto aliyetimiza miezi yake amebaki na siku 3: ya kwanza huisha hospitalini, ya pili kwa kupeleka habari kwa wakwe, na ya tatu kwa kupokea wageni. Wenzetu wa Kenya, tangu sheria yao ya mwaka 2007, humpa baba wiki mbili.

Hizo wiki sita hazikubuniwa na wabunge. Wakunga na madaktari wajua kuwa tumbo la uzazi huhitaji muda kama huo kurudi katika hali yake, na kwamba hatari haiishi mtoto aliapo. Damu nyingi huweza kumtoka mzazi saa chache baada ya kujifungua, homa ya maambukizo huja siku zifuatazo, na kifafa cha mimba huweza kumshika hata mwanamke ambaye mtoto wake amekwisha kupewa jina. Bibi zetu hawakuwa na vipimo vya damu, lakini walikuwa na arobaini. Mzazi alikaa ndani, akakandwa kwa maji ya moto, akaletewa uji, na jembe lake likakaa darini. Torati nayo iliweka siku 40 kwa mtoto mwanamume na 80 kwa mtoto mwanamke. Ndiyo sababu Kanisa huadhimisha tarehe 2 Februari, siku ya 40 toka Noeli, kutolewa kwa Bwana hekaluni. Mama aliyekwenda Yerusalemu na hua wawili, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kununua mwana-kondoo, alikuwa mtu maskini, lakini siku zake alizitimiza.

Mwaka 1919, mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliofanyika Washington, uliagiza wiki 12 za likizo ya uzazi, sita kati yake baada ya kujifungua. Wiki 12 ni siku 84. Mwaka 2000 shirika hilo likapandisha kipimo hadi wiki 14. Basi asemaye kwamba nchi yetu imewadekeza wanawake na ajue kuwa kipimo chetu ni cha mwaka 1919.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Watu wengi husema "ruhusa ya uzazi", na neno hilo lina sumu ndogo ndani yake. Ruhusa huombwa, aombaye huweza kukataliwa, na akikubaliwa hushukuru. Sheria yatumia neno likizo, nalo lafaa zaidi, ingawa wajuzi wa lugha watacheka, kwa sababu kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa, na likizo hii imewekwa ili apewe. Haidhuru. Jambo la kushika ni kwamba sheria haikuifanya kuwa hisani.

Wala si ugonjwa. Sheria ile ile imeweka likizo ya ugonjwa mbali kabisa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Yafaa zitengwe. Tukiuita uzazi ugonjwa tutakuwa tumemfanya mtoto kuwa msiba uliompata mfanyakazi, na tajiri ataona ni bahati mbaya kuwa na wafanyakazi waugua ugonjwa huo. Lakini pia si mapumziko. Yeyote aliyelala chumba kimoja na mtoto wa wiki tatu hatasema kwamba mama yake amepumzika. Ukweli ni kwamba mwanamke huyu hakuacha kazi. Amehamia kazi nyingine isiyomngoja mtu.

Hapo ndipo tajiri hutuuliza: nimlipe kwa kazi gani? Dukani kwangu hayupo. Mizigo haipakuliwi na mtu alalaye nyumbani. Swali hili si la mtu mwovu, na wale walijibuo kwa hasira hawamsaidii yeyote. Tumjibu hivi. Katika duka lako, ndugu, wamo vijana wanne wenye nguvu. Nguvu hiyo uliinunua wapi? Kila mmoja alibebwa tumboni miezi tisa, akanyonyeshwa, akauguliwa usiku, akafundishwa kusema na kuhesabu, na kwa kazi hiyo yote wewe hukutoa hata senti moja. Uliwapokea wakiwa tayari. Wote tuajirio twaishi kwa kazi ambayo wanawake wameifanya bila ujira kabla sisi hatujafungua mlango. Zile siku 84 ni kipande kidogo cha deni hilo, nacho hulipwa kwa mwanamke aliye mbele yetu kwa kuwa wale waliotuzalia wafanyakazi wetu wa leo hawapo tena mlangoni.

Twakiri kwamba deni hilo ni la wote, na si haki mwenye duka la watu watatu alibebe peke yake sawa na kampuni kubwa. Ndiyo maana mkataba ule wa mwaka 2000 wataka malipo ya uzazi yatoke katika bima ya jamii au fedha ya umma, mwajiri mmoja mmoja asitwikwe mzigo. Kwetu Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii una fao la uzazi kwa wanachama waliotimiza masharti, lakini wajibu wa mshahara umebaki kwa mwajiri. Matokeo yake twayaona: wako wakubwa wa kazi ambao, wakiletewa barua mbili za maombi, huitazama kwanza ile ya mwanamume, na msichana akiitwa huulizwa kama ana mchumba. Jambo hilo lirekebishwe na wenye mamlaka. Ila mpaka lirekebishwe, ni udhaifu wa akili kudhani kwamba mzigo mzito kwa tajiri utakuwa mwepesi ukihamishiwa kwa mtoto wa mwezi mmoja.

Sheria yenyewe nayo ina mipaka ituumayo. Mwajiri halazimiki kulipa likizo ya uzazi zaidi ya mara nne kwa mfanyakazi mmoja. Twafahamu hofu iliyoleta hesabu hiyo. Hata hivyo mtoto wa tano hunyonya kama wa kwanza, na tumbo lililozaa mara tano halihitaji siku chache kuliko lile lililozaa mara moja; mkunga yeyote atakuambia ni kinyume.

Liko pia suala la msichana asiyeolewa. Miaka ya kwanza ya uhuru lilikuwa swali kali. Mwaka 1975 sheria ilirekebishwa ili mwanamke mwajiriwa apate likizo yenye malipo awe ameolewa au hajaolewa, jambo ambalo Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulilidai. Wapo waumini waonao hata leo kwamba huko ni kuilipa dhambi mshahara. Hatukubaliani nao, wala si kwa sababu twaidharau ndoa. Likizo hii haikuwekwa iwe tuzo ya ndoa. Imewekwa kwa ajili ya mwili uliojeruhiwa na kiumbe anyonyaye. Mtoto hakuchagua cheti cha wazazi wake. Tena tutazame upande wa pili: yule mwanamume aliyempa mimba amekaa mezani kwake Jumatatu asubuhi, hapana aliyemkata mshahara, na pengine yumo katika kamati ya harusi ya mwenzake. Adhabu imwangukiayo mmoja kati ya wawili, na zaidi wa tatu asiye na kosa, haiwezi kuitwa ulinzi wa maadili. Kadhalika msichana ajuaye kuwa mimba ni kufukuzwa kazi, amekwisha kuonyeshwa mlango wa kutokea ambao sisi twasema kila siku ni mwovu. Ni nani aliyemwonyesha?

Mpaka hapa msomaji wetu, ikiwa ni mwalimu au mwuguzi, bila shaka ametikisa kichwa kukubali. Sasa twamwomba asimame kidogo.

Tutwae mfano wa nyumba ambayo yaweza kuwa Matogoro, Tabora au Moshi. Mama ni mwalimu. Amejifungua, amekaa siku zake 84, mshahara umeingia kila mwezi, na sasa amerudi darasani. Ni nani ambeba mtoto? Ni binti wa miaka kumi na tisa aliyetoka kijijini, alalaye chumba cha watoto, aamkaye wa kwanza na kulala wa mwisho. Haki ya mwalimu imesimama juu ya mabega ya binti huyu. Naye siku moja aonekana ana mimba. Katika nyumba nyingi, na tuseme pia nyumba zenye rozari ukutani, yatokeayo ni haya: maneno makali usiku mmoja, begi moja, nauli, na basi la alfajiri. Mshahara wa mwezi usiokwisha hukatwa kufidia sahani zilizovunjika.

Binti huyo ni mfanyakazi. Sheria ya mwaka 2004 yawahusu waajiriwa wote wa Tanzania Bara, ikiwaacha nje walio katika jeshi la ulinzi, polisi, magereza na jeshi la kujenga taifa. Msichana wa kazi za nyumbani hayumo katika orodha ya walioachwa. Akiwa ametumika zaidi ya miezi sita, siku 84 ni zake kama zilivyo za mwalimu wake. Sheria hiyo yasema waziwazi kwamba mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na aliyeachishwa hivyo aweza kupeleka shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Lakini ziko wapi siku hizo 30? Zimepita yeye akiwa kwao, akitafuta namna ya kumwambia baba yake.

Tutajibiwa kuwa sisi si kampuni. Mshahara wa mwalimu utawezaje kumlipa binti aliye likizoni na mwingine ashikaye nafasi yake? Ni neno la kweli, wala hatusemi kuwa ni jepesi. Twasema tu kwamba ndilo neno lile lile la mwenye duka, ambalo dakika chache zilizopita tulilikataa. Kama gharama ya uzazi wa yule atuleleaye watoto yatushinda, basi hatukuwa na uwezo wa kumwajiri kwa haki. Tulikuwa na uwezo wa kumtumia maadamu mwili wake hautudai kitu. Familia iwezayo kuchanga kwa ajili ya sare za kipaimara yaweza pia kuweka kando kidogo kila mwezi kwa jina la binti huyo, kumwandikia mkataba wa ukurasa mmoja, na kumwambia tangu siku ya kwanza kwamba likitokea la kutokea hatatupwa. Na wale tuendeshao shule, zahanati na ofisi kwa jina la dini tusijifiche nyuma ya mikataba mifupi ya muda, ile iishayo kwa mshangao mkubwa mwezi mmoja kabla ya mama kujifungua.

Bado hatujamfikia yule aliye wengi kuliko wote. Upande wa pili wa mlima ule ule yuko mwanamke asiye na mwajiri, wala cheti, wala mfuko. Ana shamba la mahindi. Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua: zaanza karibu na mwisho wa Novemba, watu wapanda, na ifikapo Januari ni palizi. Ruvuma hulisha mikoa mingine ya nchi, nasi tulapo ugali hatuulizi nani alipalilia. Mwanamke ajifunguaye Januari hana siku 84. Majani hayajui arobaini. Wiki mbili tatu zikipita utamwona shambani, mtoto chini ya mti juu ya kitenge, au mgongoni akichezeshwa na kila pigo la jembe. Maziwa hupungua kwa kazi na jua. Mtoto huanzishiwa uji kabla ya wakati, ingawa kila kliniki yafundisha kwamba kwa miezi sita ya kwanza apewe maziwa ya mama tu.

Tajiri wa mwanamke huyu ni nani? Kwa kusema kweli ni mume wake. Ndiye agawaye kazi, ndiye ashikaye fedha ya mavuno, wala hapana mkaguzi wa kazi afikaye pale. Hatumwiti katili. Yeye naye ajua kwamba palizi ikipita, mwaka mzima utakuwa wa njaa, na mtoto aliyezaliwa atakuwa wa kwanza kuihisi. Yumo katika shida ya kweli, ila si shida ya ghafula. Kadi ya kliniki imeandikwa tarehe ya kutarajia kujifungua miezi mingi kabla. Mtu ajuaye kuhesabu toka kupanda hata kuvuna aweza kuhesabu na hii. Kama mtoto atakuja Januari, basi Oktoba baba na akae chini: kipande gani kilimwe na kipi kiachwe mwaka huu, kibarua atalipwa kwa fedha ipi, na fedha hiyo isitafutwe katika akiba ya mke. Wapo wanaume wafanyao hivyo, nao husemwa kilabuni kwamba wametawaliwa na wake zao. Tungependa wawe wengi na kilabu kiseme kitakavyo.

Tena hatuko peke yetu. Mtu akifiwa, jumuiya ndogondogo haingoji kuitwa: vijana huchimba kaburi, akina mama huleta kuni na maji, na mwenye msiba hapiki kwa siku kadhaa. Hapana aulizaye kama marehemu alikuwa na ndoa halali, wala kama mfiwa aliwahi kuchangia. Tumejua kumpa likizo mtu mwenye maiti. Mwenye mtoto mchanga twamletea kanga na sabuni, twaketi kidogo, twasifu sura ya mtoto kuwa ni ya baba yake, kisha twaondoka, na tukitoka twaliona shamba lake limemezwa na majani, twapita. Shamba la mzazi mara nyingi ni ekari moja au mbili. Nyumba kumi na mbili za jumuiya moja, kila moja ikitoa mtu mmoja mwenye jembe, zaweza kuipalilia ekari katika asubuhi ya Jumamosi, na mume wa mzazi akapika chai.